Bombay hadi Hong Kong, Masaa Matano na Nusu

"Shangazi amehamia kwa Wachina. Mfuate leo hii."

"Nimekusikia."

Simu ikakatwa.

Adelina Mkude aliurudisha mkono wa simu juu ya kaunta. Alikuwa akisubiri amri hiyo ndani ya duka la tiketi la Kishor, mtaa wa Hayes, London, karibu kabisa na uwanja wa Heathrow, mahali ambapo ndege ikipita vikombe vya chai vinatetemeka kwenye visahani vyake. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi, Alhamisi moja ya Mei, mwaka 1986. Aliyempigia ni Philemon, mkuu wa Idara ya Usalama pale ubalozi wa Tanzania. Na huyo "Shangazi" hakuwa na ushangazi wowote. Alikuwa dume zima la miaka thelathini na minne, Method Rweyongeza, karani wa ubalozi aliyetoweka kazini siku tisa zilizopita na roli moja ya filamu mfukoni.

Roli moja tu. Lakini ngoja nikwambie kilichokuwemo.

London ilikuwa na watu wema waliokuwa wakituma mablanketi na dawa kwa wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliojificha Tanzania. Mizigo haiendi bila anwani, na anwani zote zilikaa kwenye faili moja ubalozini. Nyumba kumi na nne. Method alilifungua faili lile mchana kweupe, wenzake wakiwa chakulani, akalipiga picha ukurasa baada ya ukurasa kwa kamera yake ndogo ya Minox. Kisha akatafuta mnunuzi, na mnunuzi hakuwa mbali. Makaburu wa Pretoria walikuwa tayari kutoa chochote kwa ajili ya anwani zile. Na Kaburu akishajua unapokaa habishi hodi. Anatuma bomu.

Nyumba ya kwanza kwenye orodha ilikuwa Morogoro, Kichangani. Mwenye nyumba ni mjane, Bi Marcelina Mkude, aliyekuwa akiwalea vijana sita wa Soweto na kuwagombeza kama amewazaa yeye.

Mama yake Adelina.

"Basi safari imeiva," alisema Kishor, mwenye duka. Alikuwa mzee wa miaka sitini, mzaliwa wa Mwanza, mwenye sweta la kijani na miwani iliyofungwa kamba. "London, Bombay, Hong Kong. Unaondoka saa tisa alasiri. Nikuandikie?"

"Andika, Mzee Kishor."

Mzee akaanza kuandika. Adelina akavaa vipokea sauti vya Walkman yake, Sony ya bluu, akabonyeza kitufe. Ilikuwa mara ya tano kusikiliza kanda ile. Jana Idara ilikuwa imeinasa simu ya Leonard, binamu yake Method anayekaa Thamesmead, London. Sauti ya Method ilikuja ikikwaruza.

*"Leonard, nimeshafika Hong Kong bwana. Safari ndefu! Kutoka Bombay tu ni masaa manane hewani, miguu yote imevimba. Mgeni wangu nakutana naye Jumamosi."*

Nyuma ya sauti ililia honi ya meli, nzito, na minyororo ikaburuzwa. Philemon alikuwa amesema honi ile inamaliza ubishi: Hong Kong ni bandari. Na jina la Method lilikuwa kwenye orodha ya abiria. Nini tena?

Adelina akavua vipokea sauti. Kichwani alikuwa akipanga jinsi ya kumkaba Method kabla ya Jumamosi, akauliza ilimradi tu:

"Mzee, hayo masaa manane ya kutoka Bombay mtu anaweza kulala?"

Kalamu ya Kishor ikasimama.

"Manane ya wapi?"

"Bombay hadi Hong Kong."

"Arre! Nani amekudanganya?" Mzee alichomoa chini ya kaunta kitabu cha ratiba za ndege za dunia nzima, kinene kama tofali, akakibwaga mezani. Akalamba kidole, akafunua. "Kilomita elfu nne na mia tatu hivi. Masaa manane? Labda abiria washuke wasukume! Ni matano na nusu, bibie. Matano na nusu."

"Mtu amesema manane."

"Basi mtu huyo hajapanda hiyo ndege." Akageuka, akaonyesha ukuta. Kulikuwa na saa nne zimetundikwa: London, Bombay, Hong Kong, na ya nne, ambayo haikuwa na kazi yoyote ya biashara, Mwanza. "Tazama. Ndege inaondoka Bombay saa mbili asubuhi. Inatua Hong Kong saa kumi jioni. Hesabu kwa vidole, unapata ngapi?"

"Manane."

"Manane! Lakini ile saa mbili ni ya Bombay, na ile saa kumi ni ya Hong Kong. Hong Kong wako mbele masaa mawili na nusu. Yatoe hayo. Yanabaki?"

Adelina akakunja vidole, akahesabu: matano na nusu.

"Mtu anaweza kukosea, Mzee," alisema taratibu.

"Aliyekaa kwenye kiti akikosea atasema matano, atasema sita. Anakumbuka kala mara moja, kasinzia, mara anaambiwa funga mkanda. Manane kamili anayapata mtu mmoja tu, aliyesoma ratiba akiwa ofisini." Kishor akavua miwani. "Namjua mmoja wa namna hiyo. Method wenu wa ubalozini. Miaka sita anaagiza tiketi za wakubwa hapa, kila safari ananiandikia muda wa uongo, kila safari namsahihisha. Ananijibu, 'Mzee, hesabu ni hesabu.' Kijana mwenyewe hajapanda ndege tangu ile iliyomleta Ulaya."

Ndege ikapita juu, vikombe vikatetemeka.

Jina la Method lilikuwa limeruka. Method mwenyewe hakuruka! Alimpa mtu pasipoti yake akamtuma Bombay na Hong Kong, naye akabaki hapa hapa London akiwachekea. Simu ya Leonard alijua inasikilizwa. Aliongea ili wamsikie, ili mtu pekee wa Idara aliyemhofia apandishwe ndege, apelekwe upande wa pili wa dunia, yeye huku afanye biashara yake bila haraka.

Na Idara nzima ilikuwa imeumeza uongo ule bila hata kutafuna.

Sasa ile honi. Kama si ya Hong Kong ni ya wapi? Adelina alirudisha kanda nyuma, akasikiliza tena huku amefumba macho. Honi. Minyororo. Kishindo cha chuma kikianguka juu ya saruji. Mwili wake ulitambua kabla ya akili. Miaka mitatu alisomea unesi Woolwich, katika chumba ambacho dirisha lake lilitazama kivuko cha mto Thames. Honi ile ndiyo iliyokuwa ikimwamsha kila alfajiri, akiilaani.

"Mwizi yuko Woolwich," alisema.

Akampigia Philemon.

"Siondoki. Method hajatoka London."

"Umelewa?"

"Alisema masaa manane. Ni matano na nusu."

"Adelina, unataka nimwambie mkubwa wetu Mzee Severin kule Dar kwamba tumeacha kumfuata msaliti kwa sababu ya masaa mawili na nusu?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Orodha ya abiria..."

"Orodha haina miguu! Nipe watu wawili na bastola yangu." Beretta yake aliiacha ubalozini asubuhi, maana uwanja wa ndege hauna mchezo na chuma.

"Sikupi hata sindano. Panda ndege. Hiyo ni amri." Sauti ya Philemon ikashuka, ikawa ya mtu anayeogopa kwa dhati. "Ukikosea, mimi na wewe tutafukuzwa kazi tu. Mama yako je?"

Hapo alimpata. Kwa kitambo Adelina alimwona mama yake akifungua mlango, khanga begani, akidhani ni jirani. Alikuwa na hofu, wala nisikufiche. Lakini kutii kwa sababu ya hofu ndiko Method alikokutegemea.

"Ni mama yangu, ndiyo maana siondoki," alisema, akakata.

Kishor alikuwa amesikia yote. Alikuna kidevu.

"Serikali yako ilichukua nyumba ya baba yangu pale Mwanza," alisema. "Ghorofa mbili, mwaka sabini na moja. Baba alikufa akiitaja."

"Najua, Mzee. Pole."

"Nyumba mlininyang'anya. Mwanza hamkuninyang'anya." Akaisukuma tiketi mezani. "Huyu Method atapiga hapa kuuliza kama umeondoka. Ubalozi wote unakata tiketi kwangu, hana pa kuuliza kwingine. Mimi nimjibu nini?"

Adelina akatabasamu, mara ya kwanza siku ile.

"Mwambie nimepanda. Saa tisa kamili. Na yeyote atakayeuliza, hata Philemon, mwambie nimepanda."

"Na mimi mzee wa dini nitadanganya?"

"Utamdanganya mwongo."

"Haya, hiyo haihesabiwi."

"Na niazime hicho kitabu."

"Cha nini? Kilo mbili na nusu hizo!"

"Kuna mtu nataka kumsomesha."

Binti wa Kishor, Kalpana, alitoa kichwa chumba cha nyuma. Kiswahili alikielewa chote, lakini kukisema ilikuwa mwiko. "Dad, you're mad," alisema. Kisha akamletea Adelina mfuko wa kitambaa wa kubebea kitabu.

Treni ya kwanza. Treni ya chini ya ardhi. Treni nyingine. Saa nane na nusu Adelina alikuwa Woolwich, sokoni, kati ya meza za ndizi za kupika na mama mmoja wa Kinaijeria aliyekuwa akigombana na mizani. Alifunga kitambaa kichwani, akaubana mfuko kwapani, akashuka kuelekea mtoni. Akazunguka kivuko mara mbili. Hakumwona.

Saa tisa ikapita. Saa tisa na robo ikapita. Alianza kujisikia mjinga.

Saa tisa na dakika ishirini aliingia kwenye kibanda cha simu, akapiga Hayes.

"Amepiga!" Kishor alikuwa anahema kana kwamba yeye ndiye anayekimbia. "Dakika tano zilizopita! Amejifanya afisa wa ubalozi, kabana pua. 'Bi Mkude amesafiri?' Nikamwambia nimemsindikiza mwenyewe hadi mlangoni, kapunga mkono. Akacheka, bibie! Na honi ililia nyuma yake!"

Adelina aliitupa simu bila kuitundika.

Kivuko kilikuwa gatini, magari yakimalizika kupakiwa. Na pale, kwenye njia ya waenda kwa miguu, alimwona. Koti jipya la ngozi, viatu vya Italia, mwendo wa mtu aliyekwisha kushinda. Kando yake alitembea mzungu mrefu mwenye nywele fupi na koti la kijivu, mkono wa kulia mfukoni. Wakaingia chomboni.

"Subiri!" Adelina alipiga kelele.

Mfanyakazi wa kivuko, mwenye koti la rangi ya chungwa, akavuta lango. Minyororo ikaburuzwa. Honi ikalia.

Amechelewa.

Mita ishirini za maji, kisha thelathini. Ng'ambo ya pili, North Woolwich, alikuwa akiiona kwa macho Mercedes nyeusi ikisubiri, injini ikiwaka. Wakishuka tu, filamu inaingia kwenye gari ile, na mama yake anabaki na siku chache za kuishi.

Sasa, mgeni wa Woolwich angeangua kilio hapo. Lakini Adelina aliishi pale miaka mitatu, na kila mwanafunzi aliyewahi kuchelewa zamu anajua kwamba chini ya mto ule kuna njia ya miguu. Mlango wa duara, ngazi za kuzunguka, handaki la vigae vyeupe, nusu kilomita tu kutoka ukingo hadi ukingo. Chombo kina dakika saba na ushee, ukihesabu kugeuka na kushusha daraja.

Masaa matano na nusu hakuwa nayo. Dakika saba alikuwa nazo.

Akatoka nduki.

Ngazi mia na kitu akazishuka mbili mbili. Chini kulikuwa na baridi na harufu ya unyevu. Viatu vilimsumbua, akavivua na kuviacha. Kitabu kilimpiga mbavuni kila hatua. Mzee mmoja mwenye baiskeli akajibana ukutani kumpisha. Katikati ya handaki kifua kilianza kuwaka moto, na mguu wa kulia ukataka kugoma.

"Gomeni kesho," aliiambia miguu yake.

Akapanda ngazi za upande wa pili akishika ukuta. Saa yake ya Casio ilisema dakika sita na sekunde arobaini.

Alitokea juani wakati ule ule daraja la chuma lilipoanguka juu ya saruji kwa kishindo. Watu wakaanza kushuka. Akina mama na vikapu. Fundi rangi mmoja. Halafu wale wawili, bega kwa bega. Method akatoa mkono mfukoni, kikasha cheusi cha filamu kikapita kutoka kiganja hadi kiganja.

Adelina akasimama mbele yao, miguu mitupu, jasho likimchuruzika, mfuko mkononi.

Method alikodoa macho.

"Adelina? Si uko angani?"

"Nimetua."

Mzungu hakuhitaji kutafsiriwa. Mkono wake wa kulia ukatoka mfukoni na bastola ya Walther. Haukufika mbali. Adelina aliuzungusha mfuko kwa mikono yote miwili, na safari zote za ndege za dunia, kilo mbili na nusu, zikatua juu ya kifundo cha mkono ule. Kitu kikalia *ka*. Bastola ikaruka, ikagonga reli, ikatumbukia Thames. Pigo la pili lilimpata sikioni. Kikasha kikamponyoka, kikabingiria, na unyayo mtupu wa Adelina ukakikanyaga.

"Oi! Oi!" Mfanyakazi wa koti la chungwa alikuwa anakuja mbio, na nyuma yake madereva wawili wa malori waliokuwa wakitafuta sababu tu ya kupigana.

Yule Kaburu alipiga hesabu yake. Bastola hana, mkono umevunjika, watu wanajaa. Alimtazama Adelina kwa chuki tupu, naye Adelina akamtazama vile vile bila kupepesa, mpaka mzungu alipogeuka na kwenda kujitupa kwenye Mercedes. Gari likaondoka mikono mitupu.

Method alikuwa amekaa chini, koti la ngozi na yote.

"Umejuaje?" aliuliza. "Nilipanga kila kitu. Umejuaje?"

"Bombay hadi Hong Kong ni muda gani?"

"Masaa manane," alijibu papo hapo, kwa mazoea ya karani.

"Matano na nusu. Mzee Kishor amekwambia miaka sita."

Akainama, akakiokota kikasha. Method hakuwahi kuthubutu kuipeleka filamu ile kwa fundi yeyote wa picha, kwa sababu fundi angeona. Ilikuwa bado mbichi, haijasafishwa. Adelina akakifungua, akashika ncha, akaivuta filamu yote nje, taratibu, mkono baada ya mkono, akaiinua juu kwenye jua la Mei. Nyumba ya Kichangani. Nyumba za Dar. Nyumba kumi na nne zikaungua mbele ya macho yao bila moto wala moshi.

Machozi yakamtoka. Hakuyafuta.

"Adelina, niache niende zangu," Method alinong'ona. "Sisi sote ni watu wa nyumbani."

"Uende na nini? Pasipoti yako iko Hong Kong. Jina lako liko Hong Kong. Hapa hakuna mtu anayeitwa Method." Akaitupa filamu iliyokufa mapajani mwake. "Mama yangu angekukaribisha chakula, kenge wewe. Tena angekupa paja la kuku."

Akamwacha mikononi mwa madereva wa malori na kwenda kwenye kibanda cha simu.

"Philemon. Njoo North Woolwich, kivukoni, umchukue Shangazi. Mzigo umeharibika, wote."

Philemon alipaza sauti.

"Kishor ameniambia umepanda ndege!"

"Na nimepanda. Muulize."

Kisha akapiga simu ya mbali, misheni ya Morogoro, akasubiri mpaka sarafu zikakaribia kwisha, mtu akatumwa nyumba ya jirani kumwita mama yake.

"Nani? Adelina? Kuna nini? Mbona unahema?"

"Hakuna kitu, Mama. Nilikuwa nakimbia."

"Mtu mzima unakimbia nini? Haya sema haraka, nimeacha ugali mezani na hawa wanaume sita hawana adabu, wataninyima hata ukoko." Bi Marcelina akageukia upande, akapaza sauti kuelekea nyumbani kwake: "Nyie! Niachieni na mimi!"

Kwa mbali sana, kutoka ng'ambo ya ua, vijana sita walicheka.

Adelina aliusikiliza ule mcheko hadi sarafu ya mwisho ikadondoka. Akatundika simu vizuri, mahali pake. Akakifuta kitabu kwa kitambaa cha kichwa, kona moja ilikuwa imepondeka, akakirudisha mfukoni na kurudi kwenye mlango wa handaki. Viatu vyake vilikuwa bado kule chini, na Kishor hufunga duka saa kumi na mbili.